Barnstormers Ugenini: Twende Moline au Green Bay?

Timu yetu ya futiboli ya ukumbini ya hapa Des Moines, Iowa Barnstormers, hucheza nusu ya mechi zake nyumbani, katika ukumbi wa Casey's Center ambao wengi wetu bado tunauita Wells Fargo kwa mazoea, ingawa jina lilibadilishwa mwaka 2025. Mechi za nyumbani hazina ubishi, unamaliza zamu, unaoga, unakwenda. Ubishi huanza kwenye nusu ya pili, ile ya ugenini. Petroli ni pesa, Jumamosi ni moja kwa wiki, na si kila mtu ana msimamizi wa kumruhusu kubadilishana zamu. Kwa hiyo ratiba ya ligi ikitoka, maneno huanza nje ya kanisa, kwa kinyozi, na ndani ya magari tunayopanda wanne wanne kwenda kazini. Kuna upande wa Moline, Illinois, kwa timu ya Quad City Steamwheelers, na kuna upande wa Green Bay, Wisconsin, kwa timu ya Blizzard.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ukiwa na nafasi ya safari moja tu kwa msimu, nenda Moline. Lakini kuna watu fulani ambao ningewaambia wapite moja kwa moja hadi Green Bay, na nitafika kwao.

Kwa nini ugenini ni kugumu kwenye mchezo huu

Kwanza niseme neno kwa waliokuja Iowa wakijua kandanda tu, kama nilivyokuja mimi. Futiboli ya ukumbini si ile ya Kimarekani ya nje iliyopunguzwa ukubwa basi. Uwanja una urefu wa yadi 50 badala ya 100. Kila upande una watu 8 badala ya 11. Pembeni hakuna mstari wa chokaa, kuna ukuta uliovikwa sponji nene, na nyuma ya ukuta huo ndipo mlipoketi. Mchezaji akisukumwa vibaya anapinduka juu ya ukuta na kuwaangukia wa safu ya mbele, soda na bisi vinakwenda na maji. Mpira ukirukia jukwaani, kwa desturi ya mchezo huu aliyeudaka anakwenda nao nyumbani.

Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwenye futiboli ya nje, ukishindwa mara tatu unaupiga mpira mbali kwa mguu ili adui aanzie kule nyuma. Humu ndani hilo limefutwa. Ama ujaribu mara ya nne, ama upige mpira upite kati ya milingoti, na milingoti yenyewe upana wake ni karibu nusu tu ya ile ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya nje. Mpigaji mwenye ujasiri anaweza kuuachia mpira udunde chini kisha aupige. Ukipita, ni pointi 4 badala ya 3. Hata mpira wa kuanzisha mchezo, ukipita kati ya milingoti, unaleta pointi 2. Ndiyo maana matokeo husomeka 48 kwa 45 na hakuna anayeshangaa. Kila timu inatarajiwa kufunga karibu kila inapoushika mpira, na ikizuiwa mara mbili tatu tu usiku kucha, imekwisha.

Sasa tia kelele. Wapokeaji wa mchezo huu wanaruhusiwa kuanza mbio kuelekea mbele kabla mpira haujaanzishwa, ili wafike mstarini wakiwa na kasi tayari. Yote hutegemea sauti ya kwotabeki, mtupaji mpira anayeongoza mashambulizi, anapoita hesabu ya kuanza. Nyumbani, mashabiki hunyamaza timu yao ikiwa na mpira. Ugenini, watu elfu kadhaa chini ya paa moja hupiga makelele makusudi ili sauti ile isisikike. Mtu mmoja akiondoka mapema, adhabu ni yadi 5. Kwenye uwanja wa nje ni hasara ndogo. Kwenye uwanja wa yadi 50 umerudishwa sehemu ya kumi ya uwanja mzima. Ukitaka kujua kama Barnstormers watafika popote usiku huo, usihangaike na ubao wa matokeo katika robo ya kwanza. Hesabu mara wanazoadhibiwa kwa kuanza mapema. Zikizidi tatu kabla ya mapumziko, jiandae kurudi kimya garini.

Moline: ndugu wa baba mmoja

Watu huiita mechi ya Moline mechi ya watani kwa sababu ya ukaribu tu. Kuna zaidi ya ukaribu. Aliyebuni mchezo huu anaitwa Jim Foster, na wazo lilimjia Februari 1981 akiwa Madison Square Garden, New York, akitazama soka ya ukumbini. Alichora uwanja wake juu ya bahasha. (Kwa hiyo sisi watu wa kandanda tusione haya kukaa pale, mchezo wenyewe ulitungwa mtu akitazama soka.) Ligi yake, Arena Football League, ilianza mwaka 1987 na timu nne. Mwaka 1995 Foster huyo huyo akaleta Barnstormers hapa Des Moines, na mwaka 2000 akawa nyuma ya kuanzishwa kwa Steamwheelers katika ligi ndogo ya af2. Steamwheelers wale wa kwanza walianza kwa kishindo: walimaliza msimu wa 2000 bila kufungwa hata mechi moja, wakachukua kombe, na mwaka uliofuata wakalichukua tena.

Hawa wa leo si wale wale moja kwa moja. Jina lilikufa na af2 mwaka 2009, likafufuliwa mwaka 2018, na tangu 2019 wamo katika Indoor Football League pamoja nasi. Barnstormers nao wana historia ya kuhamahama: timu ya kwanza iliuzwa ikaenda New York baada ya msimu wa 2000, jina likabaki likirandaranda katika ligi ndogo, likarudi ligi kuu ya ukumbini mwaka 2010, likahamia ligi ya sasa mwaka 2015. Kwa hiyo Moline wanakutana ndugu wawili waliowahi kuzikwa na kufufuka, na mashabiki wazee wa pande zote wanalijua hilo. Utani wao una kumbukumbu ndefu. Ukikaa karibu na mzee wa Moline, mtajie mwaka 2000 uone atakavyokunjua uso.

Safari yenyewe haina shida. Ni maili 170 hivi, karibu yote kwenye I-80 kuelekea mashariki, saa mbili na nusu kama hukusimama. Utasimama tu, kwa sababu njiani kuna Walcott, njia ya kutokea namba 284, na pale pana Iowa 80, kituo cha malori kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, kilichofunguliwa mwaka 1964. Wenzetu wanaoendesha trela wanakijua kama sebule zao. Kama ndani ya gari mna mtoto, mpe nusu saa pale, atazitazama trela za zamani zilizopangwa kwenye makumbusho yake kuliko atakavyotazama mechi.

Baada ya hapo shika I-74 kusini, upite Bettendorf, uvuke Mississippi kwenye daraja jipya lenye matao meupe lililokamilika mwaka 2021. Angalia mto pale: unaujua Mississippi kuwa unashuka kusini, lakini eneo hilo unakwenda mashariki hadi magharibi, na mtu aliyezoea kujielekeza kwa mto huchanganyikiwa. Ukishavuka tu, umefika. Ukumbi, Vibrant Arena, uko katikati ya mji karibu na ukingo wa mto, jirani na maonyesho ya matrekta ya John Deere. Kampuni hiyo makao yake makuu yako hapo hapo Moline.

Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1993 na kwa mechi za hoki hubeba watu elfu tisa na kidogo. Ni mdogo kuliko wetu, na hilo kwangu ni sifa. Casey's Center, usiku ambao watu hawakujaa, sauti hupotelea juu kwenye viti vitupu. Moline, watu wachache tu wanatosha kukuziba masikio. Mashabiki wa Iowa nao huwa wengi pale kuliko mahali pengine popote ugenini, kwa hiyo hutajiona yatima. Kelele huwa za pande mbili, na timu yetu huisikia sauti yetu. Hapo ndipo Moline inapoipita Green Bay kabisa. Kule mbali shabiki ni mtazamaji, lakini Moline unaweza kuhisi umewasaidia vijana wako.

Kuna jambo lingine, na kwa wengi wetu ndilo linaloamua. Moline na mji jirani wa Rock Island kuna jamii kubwa ya Wakongomani na Warundi. Ukiwa na shemeji au rafiki wa kambini aliyepelekwa upande ule, mechi inakuwa sababu ya kufanya ziara mliyoahirisha tangu Krismasi. Mnaingia mchana, mnakula ugali na samaki kwa mwenyeji, jioni mnaongozana. Mwenyeji atashangilia Steamwheelers, na hilo mtalimaliza wenyewe.

Mechi hizi huanza jioni, kwa kawaida kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na huchukua muda wa saa mbili na nusu hivi. Mwenye zamu ya Jumapili asubuhi anaweza kuondoka Moline saa nne usiku na kulala kitandani kwake kabla ya saa nane. Si usingizi mwingi, lakini hakuna hoteli ya kulipia.

Green Bay: kwa Blizzard, na kwa wakubwa wa jirani

Hapa mambo yanabadilika. Kutoka Des Moines ni maili 430 hivi, saa saba za kuendesha. Unashika I-80, unapinda I-380 kaskazini hadi Cedar Rapids, kisha barabara ya 151 inakupeleka Dubuque, unavuka Mississippi, Madison, Fond du Lac, na mwisho I-41. Hakuna ushuru wa barabara popote. Kuna kulungu, wengi, hasa giza likiingia, kwa hiyo dereva asiwe yule aliyekesha kazini.

Njia hiyo ina hadithi ambayo kila shabiki wa Barnstormers anapaswa kuijua, na uzuri ni kwamba unaipita kinyumenyume. Kurt Warner alikulia Cedar Rapids. Mwaka 1994 Green Bay Packers, timu ya NFL ya mji ule, walimwita kwenye kambi ya mazoezi, wakamwacha. Akarudi Iowa akawa anapanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka la Hy-Vee kule Cedar Falls, kwa dola 5.50 kwa saa. Sisi tuliowahi kupanga bidhaa usiku tunajua mgongo unavyokuwa alfajiri. Mwaka 1995 Barnstormers wakampa nafasi. Akaifikisha timu fainali mara mbili, 1996 na 1997, na zote mbili wakafungwa. Halafu akaenda NFL, na Januari 2000 akashinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, akiwa na St. Louis Rams, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Mwaka 2017 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Kazi ya kutupa mpira haraka kabla ukuta wa watu haujakuangukia alijifunzia humu ndani ya yadi 50. Ukitoka Cedar Rapids kwenda Green Bay unaifuata barabara ya kijana aliyekataliwa, na kuna utamu fulani kufika kule umevaa jezi ya timu iliyomwokota.

Kuhusu mpira wenyewe: kama unataka kuwapima Barnstormers kwa mizani ngumu, Blizzard ndiyo mizani. Wapo tangu mwaka 2003, hawakuwahi kufa na kufufuka kama sisi, na wamo katika ligi hii tangu 2010. Mwaka 2025 walifika fainali ya ligi na kufungwa na Vegas Knight Hawks. Taji letu la mwisho ni la 2018, tulipowafunga Sioux Falls Storm 42 kwa 40 mbele ya watu wetu. Siwezi kumwahidi mtu ushindi Green Bay. Nimwahidi nini? Ataona mpinzani aliyepangika, na atajua timu yetu inapungukiwa wapi kwa dakika kumi na tano za kwanza.

Ukumbi wao, Resch Center, ulifunguliwa mwaka 2002 na hubeba watu elfu nane na kitu kwa hoki. Ndani ni mzuri, viti vimebana karibu na uwanja. Ila kusema kweli, wageni wengi wanaokwenda pale macho yao yako nje, ng'ambo ya barabara, ambako kuna Lambeau Field. Uwanja ule wa Packers ulifunguliwa mwaka 1957 na sasa unabeba zaidi ya watu elfu 81, katika mji wenye wakazi laki moja na kidogo. Timu haina tajiri mmoja anayeimiliki, ni ya wanahisa, watu wa kawaida, na hisa zao hazilipi gawio. Orodha ya wanaosubiri tiketi za msimu ina majina zaidi ya laki moja. Hutapata kiti cha NFL pale kwa bei ya mtu wa mshahara wa saa. Lakini unaweza kulipia ziara ya mchana ndani ya Lambeau, utoke kwenye lango la wachezaji, kisha jioni uvuke barabara kwa miguu uone futiboli ya kweli kutoka safu ambayo kule kwa wakubwa ungeilipia mshahara wa mwezi.

Chagua wakati, lakini. Ligi huanza Machi, na Machi ya Wisconsin si ya kuchezea. Theluji inaweza kukufunga Fond du Lac na tiketi mfukoni. Kama ratiba imewapeleka Barnstormers kule mwanzoni mwa msimu, mimi nakaa nyumbani. Ikiwa ni Juni au Julai, safari inapendeza. Mwishoni mwa Julai Packers huanza kambi, na wana desturi ya miaka mingi ya wachezaji kupanda baiskeli za watoto kwenda uwanja wa mazoezi, mtoto akikimbia pembeni amebeba helmeti. Ukibahatisha mechi ya Blizzard ya siku hizo, mwanao hatasahau.

Chakula ni cha kuangalia. Wisconsin soseji ni kila mahali, na nyingi ni za nguruwe, hivyo kwa Waislamu na wengine wasioila ni kuuliza kabla ya kuuma. Jibini changa za kukaangwa ni tamu. Na ukikuta wanauza booyah, usiogope jina. Ni supu nzito ya kuku, nyama na mboga inayopikwa kwenye sufuria kubwa kwa saa nyingi, na itakukumbusha sherehe za kwenu.

Tukipiga hesabu

Gari linalokwenda maili 28 kwa galoni litakunywa galoni 12 kwenda Moline na kurudi. Green Bay litakunywa 31. Mkiwa wanne, kila mtu anachangia galoni 3 kwa safari ya kwanza na karibu 8 kwa ya pili. Hilo bado si kubwa. Kubwa ni hoteli, kwa sababu hakuna dereva mwenye akili atakayeondoka Green Bay saa nne usiku na kuendesha hadi alfajiri, na chumba ndicho kinachobeba nusu ya gharama. Ongeza na saa: Moline inakula Jumamosi yako, Green Bay inakula Jumamosi, Jumapili, na ibada.

Kwa hiyo watu niliowataja mwanzo ni hawa. Mwenye kijana anayecheza futiboli shuleni na anaanza kuota makubwa: mpeleke Green Bay, hadithi ya Warner umsimulie njiani, Lambeau aione kwa macho. Mwenye likizo ya siku tatu ambaye hata hivyo alitaka kuitoa familia nje ya Iowa: Green Bay, mwezi wa sita. Na yule mtaalamu wetu anayejua kila mbinu na kulaumu kila mwamuzi: Green Bay, akapambane na timu bora na aache kutusumbua.

Wengine wote, mwenye watoto wadogo, mwenye zamu ya Jumapili, anayekwenda ugenini kwa mara ya kwanza, mwenye ndugu Rock Island, Moline. Mgeni wa mchezo ataupenda haraka zaidi pale kwa sababu jukwaa limegawanyika na utani unamwelezea mambo ambayo mimi hapa nimehangaika kuyaandika.

Kuna njia ya tatu, ya kubaki sebuleni. Ligi huonyesha mechi nyingi kwenye YouTube bila malipo. Picha ni nzuri ya kutosha, na kwa mechi ya Machi huko theluji inakoanguka ndiyo chaguo langu. Ila kamera haionyeshi ukuta, na mchezo huu ni ukuta.

Ukiamua Moline, usinunue tiketi ya juu kwa kubana dola chache. Tafuta safu tatu za kwanza, karibu na pembe ya uwanja, kwenye eneo la kufungia, upande ambao Barnstormers watakuwa wakishambulia robo ya nne. Pale ndipo tachidauni za mwisho huangukia, na mipira hurukia watu mara nyingi kuliko katikati. Soda iweke chini ya kiti, si juu ya ukuta.